Usomaji Uliopita

Igogo, nyumba ya mwisho kabla mwamba haujakataa nyumba.
Nimepanda ngazi mia mbili na ushee, sikuhesabu vizuri,
jasho limelowanisha daftari hadi mwezi wa Machi.

"Bilingi," nikasema, maana ndivyo tusemavyo ofisini.
Mama Nyanjige akageukia kapu lake:
"Bilinganya? Zipo. Fungu mia tano."

Hapana, mama. Bilingi. Bili. Ankara ya maji.

"Maneno matatu kwa deni moja," akasema.
"Ndiyo maana linakua."

Nikachuchumaa, nikafuta kioo cha mita kwa kidole gumba.
Usomaji uliopita: mia nne na kumi na mbili.
Usomaji wa sasa: mia nne na kumi na tisa.
Uniti saba.

Kule chini ziwa limejilaza, kijani kwa magugu upande wa Kirumba,
kivuko kikilichana katikati kama kitana.
Akalitazama. Akanitazama.
"Lote lile, na mnanihesabia saba."

Jibu ninalo, la semina:
hatuuzi ziwa, mama, tunauza mlima.
Pampu, bomba, umeme,
na jamaa wa kuziba panapovuja.

Akacheka kwa pua.
Akanivuta mkono hadi nyuma ya choo,
penye jiwe kubwa kama lori lililopakia pamba,
na chini ya ukingo wake, mvua isipofika,
mistari ya mkaa, mitano mitano,
imepanda, imepanda, hadi mkono ulipogoma.

"Ndoo zangu. Kabla ya bomba lenu.
Moja kichwani, Holo mgongoni,
na tumboni yule ambaye hakukaa.
Mlima huo nilimuuzia nani?
Huo ndio usomaji uliopita. Andika."

Fomu yangu haina safu hiyo.
Niliitafuta, kweli, mbele na nyuma ya karatasi.

Nikaandika saba.
Akaitundika ankara kwenye msumari, juu ya wenzake watatu.

Jua lilikuwa la saa saba na sikuwa nimekula kitu.
Nikachukua fungu la bilinganya;
kupapasa mfukoni, elfu kumi nzima, chenji hana.
"Nenda tu," akasema, akiokota kipande cha mkaa.

Ngazi ya kumi niligeuka.
Alikuwa amechuchumaa vilevile kama mimi,
kidole gumba kikifuta jiwe,
akiandika kwa herufi kubwa, bila haraka,

MAGESA. MIA TANO.

na chini yake, akipigia mstari,
tarehe ya mwisho ya kulipa.