Mkono Ndani ya Friza

Saa zetu, Siwema, zinapishana saa moja tu.
Hilo ndilo linalonichanganya.
Mimi huku Mtoni saa kumi jioni
natafuta kivuli cha ukuta wa jirani,
wewe huko Oulu saa tisa
unaniambia taa za barabarani zimeshawaka,
jua limekuja likachungulia kama mdai
aliyekuta mlango umefungwa, likaondoka.

Unalikumbuka lile koti?
Karume, mwezi wa pili, jua la utosi,
Shomvi akiapa kwa mama yake mzazi
kwamba ni la Ulaya kabisa, la theluji.
Ukalijaribu juu ya dera,
zipu hadi kidevuni,
jasho likikutiririka mpaka kwenye ndala,
watu wamekuzunguka wanacheka,
nami nikakazana na bei, elfu arobaini na tano
hadi thelathini, nikajiona mshindi.

Wiki ya kwanza ukanitumia sauti:
"Mama, wenyewe wanasema hili ni koti la vuli."
La vuli!
Vuli ninayoijua mimi
ni maji ya Novemba yanayoingia hadi uvunguni,
ni kupandisha magodoro juu ya meza,
ni Mzee Kondo kuvuka barabara na suruali kichwani.
Nikamfuata Shomvi. Akasema,
koti limerudi kwao, mgeni ni mwanao.
Nilikuwa nimekwenda kugombana,
nikaondoka nimenunua soksi.

Basi nikaanza kujifunza baridi yako.
Kila unapopiga nafungua friza,
nasogeza pembeni barafu za ukwaju na za ubuyu,
natumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko
na kuhesabu huku ukizungumza.
Siku ya kwanza nilifika arobaini.
Hukujua. Ulikuwa unaeleza
namna ya kutembea kama bata ili usianguke,
namna vinyweleo vya puani vinavyokakamaa,
namna ufunguo unavyong'ata kidole.

Fundi Mbaraka alipokuja kujaza gesi nikamuuliza.
Akasema mashine hii ikijitahidi sana, umeme ukiwepo,
ni kumi na nane chini ya sifuri.
Wewe siku hiyo ulikuwa ishirini na sita.
Yaani ningekufungia humu pamoja na vibua vya Mama Chiku
ungekuwa umetoka baridini, umeingia ndani kupumzika.
Nikakuuliza, kwani huko nao wana friza?
Ukasema wanazo, mama, kila nyumba.
Tukacheka mpaka bando likaisha.

Sikukuambia kwamba usiku ule sikulala.
Feni ilikuwa inazungusha joto lile lile,
shuka nimelitupa chini,
nami naona aibu kutokwa jasho.

Jana umepiga, sauti imechangamka.
"Leo kuna joto, mama! Imepanda hadi hasi nne,
nimetoka bila kofia."
Kuna joto.
Umelitamka kama mtu wa huko,
bila kucheka, bila kusubiri nicheke.
Mkono ulikuwa ndani, nimefika mia na kumi,
umeme ukakatika.
Friza ikanyamaza. Jenereta ya saluni ikakohoa, ikawaka,
na mtoto nje akawa anagonga nondo za dirisha
kwa sarafu ya mia mbili:
"Barafu! Mama Siwema, barafu!"
Nikampa mbili, moja ya bure, kabla hazijayeyuka.
Nikarudi kwenye simu, ulikuwa umeshakata.

Nikakaa kwenye ndoo na ule mkono mapajani.
Ulichelewa kurudi kuwa wangu.

Kofia vaa, mwanangu.
Hata hilo joto likizidi, vaa.