Fomu ya Malalamiko

Theluji ilianza saa kumi, mkutano saa moja jioni.
Viti thelathini tulivyoazima kanisani havikutosha;
nusu ya Halvik ilisimama kati ya rafu, makoti yakichuruzika
juu ya zulia ninalolifagia mwaka wa kumi na moja huu.

Bwana Lokken alileta orodha: vitabu arobaini na vitatu,
majina mawili yamekosewa herufi.
Kwenye fomu, palipoulizwa, "Je, umevisoma?"
aliandika: "Sihitaji kuinywa sumu ndipo nijue ni sumu."
Wakampigia makofi.
Hata mimi, nakiri, niliona amesema vizuri.

Verla Tunstad alikaa, miwani mkononi.
Wiki hiyo walikuwa wamemwita mharibifu wa watoto
kwenye foleni ya duka la nyama.
Mtu alimwachia mlangoni mfuko wa mavi ya farasi,
umefungwa utepe kama zawadi.
Akayamwaga bustanini. "Mbolea ni mbolea," alisema,
ila tangu usiku ule hazimi taa ya nje.

Namba kumi na saba haimo rafuni.
Imeazimwa tangu Machi mwaka juzi,
mwezi ambao binti wa Lokken aliondoka usiku
na jina lake likafutika mezani kwao.
Sisemi ni kwa kadi ya nani.
Nasema tu kwamba Lokken, akiisoma orodha kwa sauti,
alifika kumi na sita, akakohoa,
akanywa maji,
akaendelea na kumi na nane.

Nilimtazama Verla. Neno moja tu
lingemvua mtu nguo mbele ya mji mzima.
Akavaa miwani.
"Anachoazima mtu hapa," akasema, "ni siri yake.
Kanuni hiyo inamsitiri kila aliyemo humu ndani."
Akaketi. Wengine wakaguna. Lokken aliangalia viatu vyake.

Kura: watano kwa wawili.
Mimi ndiye niliyevishusha stoo kwa toroli,
kando ya mapambo ya Krismasi na feni mbovu:
arobaini na viwili. Nilihesabu mara mbili.

Kile kimoja kingali mjini, katika nyumba fulani,
labda chini ya mto, labda kwenye droo ya soksi.
Kila baada ya wiki tatu, kabla hatujafungua mlango,
Verla huwasha kompyuta na kukiongezea muda.
Faini hajamwandikia.