Noti Iliyochanika

Usiku, kabla sijavuka, nazipiga pasi.
Pasi ya makaa, moto wa chini,
kitambaa cha popelini katikati,
maana dola ya Bukavu ni bibi harusi:
ikiwa na alama shavuni, hakuna anayeitaka.

Themanini, mia, mia na ishirini.
Hii imechanika pembeni, upana wa ukucha wa mtoto.
Nairudisha kwenye kopo la vifungo.
Yake nitayasema.

Tangu benki zifunge milango
navuka Ruzizi kwa miguu, pesa kiunoni chini ya kitenge,
nasimama foleni Kamembe nyuma ya watu
ambao nao wana mtu wao mahali penye baridi.
Kijana wa dirishani huuliza: "Sababu ya kutuma?"
Namwambia: masomo.
Anaandika neno hilo moja, anagonga muhuri.

Mimi ningeandika
kiwanja cha Bagira, msingi ukiwa tayari,
mawe aliyoyapanga marehemu kwa mikono yake.
Ningeandika sare mia mbili na kumi za shule ya masista,
likelemba niliyoomba nile wa kwanza
kisha nikaitumikia miezi kumi na mmoja kama deni la damu.
Ningeandika Mugaruka.
Karatasi yao haina nafasi.

Ntakwinja wangu yuko Erzurum.
Mwaka wa kwanza mzima tulilipia lugha tu.
Nilisema, Mungu wangu,
hata kuuliza "inauma wapi?" kunauzwa?
Mwaka wa pili, mifupa. Alinitajia yote kwenye simu
nami nikipachika vifungo, mfupa kifungo, mfupa kifungo,
hadi salio likakatika tukiwa mbavuni.
Sasa yuko wa nne. Ameanza kushona ngozi.
"Kwanza ya nguruwe, mama," akacheka,
"na profesa anauliza mkono huu nimeutoa wapi."
Hakumjibu.
Aliutoa chini ya meza yangu, Kadutu, kati ya mabaki ya vitambaa,
akiwa na miaka sita, akinitungia uzi sindanoni
kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kukataa.

Mugaruka anaendesha pikipiki ya mtu.
Aliacha shule mwaka ule tulipokuwa
na ada ya mmoja na watoto wawili.
Hakusema kitu. Kila jioni huniletea hesabu
inayonuka petroli, na mimi, mama yake,
huzihesabu noti bila kumtazama usoni.

Mwezi wa kumi, mvua, mteremko wa Essence.
Pikipiki ikamlalia mguu, muundi ukafunguka.
Tukampigia dada yake.
"Sogeza taa, mama. Zaidi. Hapo.
Maji yaliyochemka yakapoa, mwagia, usisugue.
Huo si mfupa, ni mafuta. Mishono saba.
Mpeleke sasa hivi, na msimpake majani ya mtu yeyote."
Haikuwa sauti ya mtoto wangu.
Ilikuwa ile sauti ninayoilipia.
Nikaogopa. Halafu, kwa aibu, damu ikiwa bado sakafuni,
nikafurahi.

Zahanati walitoza kwa mshono.
Mimi nami hutoza kwa mshono, sikubisha.
Saba, na ganzi bei yake mbali.
Nikafungua bahasha ya Erzurum papo hapo.
Nesi akainua noti kwenye mwanga,
akaipindua, akauona mchaniko,
akanirudishia bila neno
huku sindano ikiingia na kutoka kwa mwanangu.

Mugaruka alikuwa ameuma kona ya shuka.
Akaitema, akasema:
"Itunze hiyo, mama. Dada akirudi ataishona."

Nesi alicheka. Mimi sikuweza.

Imebaki miaka miwili, na ule wa mazoezi.
Makaa yanazimika, noti zimenyooka.
Chumba cha pili kijana anajigeuza, anatafuta upande usiouma.
Kesho navuka
nikiwa na pungufu ya dola hamsini na tatu.