Nitarudi Kifuku

Mara ya kwanza nilinunua kwa macho ya watu.
Ulikuwa mwaka wa gesi; Mtwara nzima ilinuka rangi mbichi,
na Chilumba, dalali mwenye kalamu mbili mfukoni,
alinionyesha Mangamba kwenye karatasi ya daftari:
hapa barabara, hapa umeme unakuja, hapa wewe.
Nikatoa fedha ya misimu minne ya kubangua korosho,
fedha iliyonichubua vidole kwa mafuta ya ganda,
nikapewa risiti yenye mhuri wa duara
na soda.

Kiwanja kile kilikuwa na wenyewe watatu.
Mimi, mwalimu wa Masasi, na mtu wa Dar
ambaye hatukumwona ila ukuta wake.
Siku tuliyokaa barazani kugombana
akaja kijana wa kofia ya viua, akasalimu vizuri, akasema:
Aliyewauzia ni mjomba wangu.
Shamba la bibi, mikorosho yetu wapwa.
Mjomba alikuwa na haki ya kula. Ya kuuza hakuwa nayo.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza mambo ya aibu.

Mwaka huu Mnenje ananiuzia robo eka Naliendele,
udongo mwekundu, bei ya kumezea mate.
Nimefika na kamba ya mita hamsini.
Mikorosho hii saba, nani aliipanda?
Dada zako wangapi? Wanajua uko hapa nami?
Lile rundo la mawe, ni mpaka au kaburi?
Jirani wa mashariki anajibu. Jirani wa magharibi
anacheka kwanza, ndipo anajibu.
Bikoni nimeifukua kwa vidole mpaka shingoni
nione kama ilizaliwa hapa au imehamia.

Mnenje anafuta jasho.
Mama Somoe, unanunua au unaposa?

Naposa. Na mahari nitatoa nusu,
nusu nyingine siku wapwa wote watakapotia dole gumba
mbele ya mtendaji, na mashahidi wasiokula kwako.
Ila kwanza nitarudi kifuku,
nione maji yanalala wapi.

Kifuku! Huu ni Juni, mama.
Wateja hawalali kama maji.

Kweli hawakulala. Wiki ya pili
akaja mtu na pikipiki, hakuuliza hata mti, akalipa.

Desemba mvua ikapiga siku tatu.
Nilikwenda, sifichi, nilikwenda kuutazama msiba wake,
viatu mkononi, khanga magotini.
Maji yaliteremka bondeni kama yaliyoitwa,
hayakuacha hata dimbwi la kunywea kuku.
Wapwa hawakutokea. Bikoni ilisimama.
Kiwanja kilikuwa safi kama sahani ya Idi.

Hiyo nayo ni hasara, na haina baraza la kuipeleka.
Zaituni binti yangu akasema, Woga wako ghali, mama.
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu:
nusu ya fedha ipo benki,
robo imekuwa mabati ya vyumba viwili Chuno,
robo bado natembea nayo.

Jana nilipita Naliendele. Ukuta umefika madirishani;
nimehesabu kozi tisa za tofali, moja imepinda.
Mwenyewe akanipungia. Nikampungia.
Kamba ilikuwa begani, imelowa,
na mbele kidogo, ng'ambo ya korongo,
kuna mtu anaitwa Nampanda anauza.
Nimemuuliza dada zake wangapi.