Daftari la Mahudhurio

Shule yetu haina kengele.
Ina mfuniko wa sufuria na mwiko,
na Ipyana, miaka minne, ndiye mgongaji,
hugonga hata usiku akijisikia.

Mwaka jana matope ya njia ya Kyimbila
yalimeza kiatu cha Tumpe, cha kushoto,
akafika darasani na soksi moja, ameloa,
na kifua chake kikapiga filimbi hadi Pasaka.
Ndipo tukasema, mimi na baba yao,
basi asomee hapa, mezani, karibu na moto,
mpaka kifua kitulie.
Kifua kilitulia.
Meza ikabaki.

Tunaanza na hesabu.
Maparachichi kumi na mawili kwenye beseni,
mawili yameoza, ya kula yamebaki mangapi?
"Inategemea," anasema Tumpe,
"bibi hula hata yaliyooza, anakata pembeni."
Naandika kumi. Nafuta.
Naandika: muulize bibi.

Bibi mwenyewe yuko mlangoni, anamenya ndizi,
haingii, hatoki.
"Shule gani hii mwalimu anakoroga uji?"
Lakini tukifika kwenye kusoma
kisu chake kinapunguza mwendo.

Ng'ombe.
Ipyana anataka kujua kale kakijiti ka juu ni ka nini.
Nina cheti cha ualimu, kiko kabatini, kina muhuri,
na sijui la kumjibu.
"Ni mkia," anasema bibi kutoka mlangoni. "Anafukuza nzi."
Tangu siku hiyo hakuna aliyeusahau mkia.

Tukuyu mvua haina adabu ya kubisha hodi.
Dirisha likijaa mvuke tunachora Rungwe kwa kidole,
mlima mzima, na msitu wake,
na kabla sijafika kwenye neno "volkano"
mlima umeanza kutiririka
hadi kwenye ukingo wa mbao, ambako paka anaulamba.
Hiyo ndiyo sayansi. Tunafunga vitabu.

Sitasema kila siku ni hivyo.
Jumanne maziwa yalifurika yakazima moto.
Ipyana aliandika saba kwa mkaa ukutani,
saba kumi na moja, zote zimegeuka nyuma.
Tumpe akasoma "baba" akasema "dada",
akarudia, "dada", akarudia,
nami nikapiga meza kwa kiganja,
nikasema neno ambalo sitaliandika hapa.
Penseli iliviringika ikaanguka.
Hakuna aliyeinama kuiokota.
Tuliendelea na somo.
Walijibu yote, sawasawa, bila kuniangalia.

Ijumaa, nikitandika kitanda chao,
nikakuta daftari chini ya godoro,
limepigwa mistari kwa ukingo wa kopo la biskuti.

Tumpe: yupo, yupo, yupo, yupo.
Ipyana: yupo, yupo, alilala, yupo.
Bibi: yupo ila anasema hayupo.
Paka: mtoro.
Mama: yupo.
Mama: hayupo.
Mama: yupo.
Mama: yupo.

Nikahesabu siku kwa kidole, kama Ipyana.
Nikamwita.
"Jumanne nilikuwepo. Nilipika. Nilifua.
Nilikufundisha b na d, saa nzima."

Alikuwa anamenya gome la mgomba
kutengeneza kamba ya mdoli wake.
Hakuacha.
"Ilikuja sauti tu," alisema.

Usiku nilimsimulia baba yao, nikitaka tucheke.
Alicheka kidogo, kisha akauliza,
"Na mimi nimo?"
Hakuwemo. Hatukusema zaidi.
Mvua ilitusaidia juu ya bati.

Jumatatu mfuniko uligongwa.
Niliacha maji yachemke yenyewe,
nikafuta mikono kwenye kanga, nikakaa
kwenye kigoda cha Ipyana, magoti karibu na kidevu.
Tumpe alifungua daftari, mbele ya watu wote,
akaita majina kwa sauti anayodhani ni yangu.
"Mama?"
"Nipo."
Alinitazama kwa muda,
kama anayekagua kucha,
kisha akaandika,
kwa penseli.