Kikopo cha Breki

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo.
Nimelisogeza gari hadi mbele ya duka la Bi Mwanaidi,
hapo tu Segerea yetu ndipo ardhi imelala.
Kwingine kote ni mteremko, na mteremko hudanganya kipimo.
Injini nimezima. Breki ya mkono nimeivuta
mpaka ikalia kama mlango wa kabati la dawa.

Boneti juu. Vumbi la wiki nzima.
Kikopo kiko upande wa dereva, nyuma kabisa,
kilikuwa cheupe, sasa rangi ya jino la mvutaji,
ubavuni mistari miwili: huu usiupite, huu usiushukie.
Mafuta yameshuka. Si sana. Unene wa kucha.

Mimi ni nesi, nimefundishwa kufuta kabla ya kufungua.
Nafuta mfuniko kwa kitambaa kikavu, mara mbili,
maana punje moja ya mchanga ikizama humo
itakwenda kukaa palepale mguu unapoomba.

Fundi Ngwali huyo, mswaki mdomoni,
mkononi chupa ya maji, nusu, imezibwa kwa nailoni.
"Nesi Mwajabu, mafuta yapo, yalibaki tangu Ramadhani."
Asante, Ngwali. Ila mafuta haya hunywa unyevu,
na hewa ya Dar ni supu.
Maji yakichemka ndani ya bomba, pedali huwa sponji:
unakanyaga, gari linakutazama tu.
Sichomi mtu dawa ya kichupa kilicholala wazi.

Langu nimenunua Gerezani, kopo dogo, lakiri haijakatwa,
DOT 3, kama mfuniko unavyosema.
(Muuzaji aliniambia hata ya gia inafaa.
Nilimlipa, sikumjibu.)
Namimina kama dawa ya mtoto anayekataa,
naishia chini kidogo ya mstari wa juu.
Tone limeangukia madgadi. Maji, maji, haraka,
kabla halijala rangi!
Nafunga. Nanawa. Nakanyaga pedali mara tatu. Ngumu.

"Umemaliza," anasema Ngwali.

Sijamaliza. Petroli hunywewa na barabara;
mafuta ya breki hayana mnywaji.
Yakipungua, ama pedi zimelika
ama kuna mahali yanalia.
Kuongeza bila kuuliza
ni kumpa panadol mwenye malaria, akalale.

Nafunga kanga kiunoni, napiga magoti, tochi ya simu.
Gurudumu la kwanza, kavu. La pili, kavu. La tatu.
La nne, nyuma kushoto, tairi kwa ndani
linang'aa. Nagusa. Utelezi.
Na mvua haijanyesha tangu Jumatatu.

Ngwali katema povu, kachuchumaa.
Leo hatubishani.

Zamu yangu ni saa moja na nusu,
na kati yangu na wodi kuna mteremko, reli,
na watoto wa madrasa wanaovuka bila kutazama.
Funguo nimezitia mfukoni mwa ovaroli ya Ngwali.
Boneti nimeiacha wazi, watu wajue kuna mgonjwa.
Bodaboda wa kwanza aliyesimama
nilimwambia: kabla sijapanda, kaka,
hebu bana breki nione.