Mashuka ya Nyumba Mbili

Gari la hoteli huja usiku, mlango wa nyuma,
taa zimezimwa, kama linaleta magendo.
Linaleta mashuka.
Mashine yao ni ya Ujerumani, inafua na kukausha,
lakini umeme wa Bukavu haujui Kijerumani;
ukikatika siku tatu hutafutwa mimi,
Cibalonza, mwenye beseni nne na mikono miwili.
"Wageni wasijue," husema meneja Byamungu.

Alfajiri huja mtoto wa Mapendano
kutoka Kadutu, furushi kichwani, anapiga mluzi.
Lojimenti ya mama yake ina vyumba sita, ndoo sita,
franka elfu nane kwa usiku, mshumaa ujiletee.
Kule rasini, mgeni hulipa dola mia na themanini,
ziwa limehesabiwa humo.

Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Wakaseme kwingine.
Mimi sijalalia kimoja wala kingine,
na walalaji wao nawasoma mpaka ndoto.

Shuka la hoteli lina upana wa ukumbi
na limekunjamana ukingoni tu.
Upande wa pili bado una mstari wa pasi yangu ya makaa.
Mtu mmoja, amejibana pembeni
kama aliyepewa kiti cha mwisho harusini.
Mara nakuta kidonge cha usingizi, hakijamezwa.
Mara kipande cha tiketi: Istanbul, Adis Ababa, Kigali;
kote huko, nadhani, alilala ukingoni vilevile.

Shuka la Mapendano ni la maua, kwa makusudi.
Ua jekundu linafunika mengi.
Kitanda cha futi tatu kimebeba watu watatu,
nawahesabu kwa nyayo:
udongo wa Kamituga, huyu anachimba;
magamba ya sambaza, huyu anawahi soko;
na katikati yao, duara la mkojo,
dogo, la mtu asiyelipishwa.
Limechanika likashonwa, likachanika likashonwa,
siku hizi nafua uzi kuliko kitambaa.

Bei yangu ni moja, franka mia tano kwa shuka.
Mapendano hulipa akiomba radhi kwa noti zilizochakaa.
Byamungu hutaka mia nne,
kwamba yake ni mengi, kwamba ni kazi ya kudumu,
na huku anatazama saa.
Wala hajui kwamba jeupe hula sabuni mara mbili.

Mwezi wa nne nilikosea.
Umeme ulikatika kwangu pia, nikakunja gizani,
vidole vimechoka kutambua,
na shuka moja jeupe likapanda Kadutu kichwani kwa mtoto.
Mtoto yule alilitandika chumba namba tano
bila kuuliza; watoto hawashangai vitu vizuri.
Mle alikuwa mama wa Bunyakiri,
binti yake hospitalini, wamempasua tumbo.
Asubuhi alilirudisha limekunjwa mara nne,
mstari wa pasi haujavunjika.
Alilala sakafuni, juu ya kitenge chake.
"Nisameheni," alimwambia Mapendano,
"niliogopa. Hii sanda mlimwekea nani?"

Niliposimuliwa nilicheka.
Kisha nikakaa kitako kando ya beseni
mpaka povu likafa lote.
Nikalifua tena, na lilikuwa safi.
Sikumdai mtu.

Binti alipona, kama unataka kujua.
Walishuka na basi la Jumanne, wote wawili,
na chumba namba tano kikarudia maua yake.

Byamungu alihesabu mara mbili chini ya tochi.
"Hili limechelewa siku moja. Lilikuwa wapi?"
"Kadutu."
Akalinusa. Akalifunua, akalipitishia mwanga.
"Kuna mtu amelilalia?"
"Hakuna," nikasema. "Hakuna aliyethubutu."
Akafurahi sana,
akanilipa mia nne.